Namna ya Kuandika Wasifu wa Mhandisi Aliyeingia Siasa za Jimbo: Mfano wa Joseph Trutch

Waandishi wengi wa wasifu hujikwaa mahali pamoja: huyakata maisha ya mhandisi aliyegeuka mwanasiasa vipande viwili, kimoja cha madaraja na barabara, kingine cha vyeo na mabaraza, kisha hukipitia cha kwanza mbiombio ili wakiwahi cha pili. Mwongozo huu unapendekeza kinyume chake. Anza na ufundi wake na ukae nao, kwa kuwa mtu aliyezoea kupima ardhi kwa mnyororo haachi kupima anapokalia kiti cha serikali. Mfano tutakaoutumia ni wa Joseph William Trutch, mhandisi na mpima ardhi Mwingereza aliyekuwa Luteni Gavana wa kwanza wa jimbo la British Columbia nchini Kanada, kuanzia mwaka 1871 hadi 1876.

Hatua ya kwanza ni kupanga safari zake za kikazi. Trutch alizaliwa mwaka 1826 huko Ashcott, Somerset, akaishi Jamaika utotoni, akafundishwa uhandisi chini ya Sir John Rennie, kisha mwaka 1849 akavuka bahari kuifuata dhahabu ya California. Baadaye alifanya kazi Oregon na Illinois, na mwaka 1859 akafika British Columbia. Usiridhike na orodha hiyo. Katika kila kituo uliza ni kitu gani alichojifunza ambacho kilikuja kumfaa. Kwa maoni yangu, Oregon ndiyo inayostahili kurasa nyingi zaidi, kwa sababu huko aliitumikia ofisi ya mpima mkuu wa ardhi, John B. Preston, wakati nchi ilipokuwa ikikatwa miraba ya kugawiwa walowezi. Kijana aliyeiona ardhi kwa jicho hilo kila siku ya kazi hakuisahau picha hiyo alipopewa mamlaka.

Hatua ya pili ni kufuata mikataba na fedha. Mbio za dhahabu za Cariboo, eneo la ndani la British Columbia, zilihitaji barabara kupitia korongo la mto Fraser, na Trutch alikuwa miongoni mwa wakandarasi wake. Mwaka 1863 alikamilisha daraja la kuning'inia la Alexandra, karibu na Spuzzum, akapewa haki ya kuwatoza ushuru wanaolivuka. Hapa tafuta mkataba wenyewe: muda wake, viwango vya ushuru na aliyeutia saini. Kisha zilinganishe tarehe. Trutch aliingia katika bunge la Kisiwa cha Vancouver, lililokuwa koloni tofauti wakati huo, mwaka 1861, yaani kabla daraja halijakamilika, na mwaka 1864 akateuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa Ardhi na Kazi za Umma wa British Columbia. Aliyekuwa akiomba kandarasi sasa ndiye aliyezisimamia. Mwandishi asikisie wizi, wala asikisie usafi. Afuatilie maslahi hayo yalihamia mikononi mwa nani, aandike anachokikuta.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi nzima, nayo ni kusoma ramani kama hati za kisiasa. Mwaka 1864, kwa maagizo ya Gavana James Douglas, mpima ardhi William McColl aliweka mipaka ya maeneo makubwa yaliyotengwa kwa wenyeji katika sehemu ya chini ya mto Fraser. Douglas alistaafu mwaka huohuo. Mwaka 1867 Trutch alidai kwamba McColl aliyaelewa vibaya maagizo aliyopewa, akapendekeza maeneo hayo yapunguzwe, na yakapunguzwa. Kipimo kilichotumika kilikuwa takriban ekari 10 kwa familia, ilhali mlowezi mmoja aliweza kujitwalia ekari 160. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1866 mwenyeji hakuruhusiwa kujitwalia ardhi kwa njia hiyo bila idhini maalumu ya gavana. Trutch alikataa pia kwamba wenyeji walikuwa na haki ya umiliki wa nchi waliyoishi.

Zitandaze ramani za kabla na za baada mezani, uhesabu ekari kijiji kwa kijiji, uandike mstari mpya ulipita wapi. Barua za Trutch ni nadhifu, zina sauti ya fundi anayesahihisha kosa la hesabu, na unadhifu huo ndio unaoweza kumlaghai mwandishi. Kwa hiyo zisome sambamba na maneno ya waliopunguziwa. Mwaka 1874 machifu wa eneo la Fraser walimwandikia Israel Wood Powell, kamishna wa mambo ya wenyeji, wakilalamika kwamba ardhi waliyoachiwa ilikuwa ndogo mno, na wakataja ekari 80 kwa kila familia kuwa ndicho kiasi kinachohitajika. Wasifu usiokuwa na barua hiyo una upande mmoja tu.

Hatua ya nne ni mazungumzo ya mwaka 1870, Trutch alipokwenda Ottawa pamoja na John Sebastian Helmcken na Robert Carrall kujadili masharti ya koloni hilo kujiunga na Kanada. Wasomaji wengi wanaijua ahadi ya reli ya kuliunganisha koloni hilo na sehemu nyingine za Kanada, ambayo ilitakiwa ianze ndani ya miaka 2 na ikamilike ndani ya 10. Kwa kweli pande zake zilikutana Craigellachie Novemba 1885. Ila kisome kwa makini kifungu cha 13 cha masharti hayo, kinachosema kwamba sera kuhusu wenyeji itaendelea kuwa ya ukarimu kama ile iliyofuatwa na koloni hadi wakati huo. Kwa mtu wa Ottawa maneno hayo yalisikika vizuri. Kwa anayezijua ekari 10, yana maana nyingine kabisa. Serikali ya shirikisho ilipopendekeza ekari 80 kwa familia, jimbo lilikubali 20 tu.

Kuhusu vyeo, maelezo mafupi yanatosha: Luteni Gavana huteuliwa, kwa hiyo usiandike kwamba alishinda uchaguzi. Yeye ndiye aliyemwita John Foster McCreight kuunda serikali ya kwanza ya jimbo. Katika miaka ya 1880 alirejea kwenye mambo ya reli akiwa wakala wa serikali ya shirikisho, akatunukiwa cheo cha heshima cha “Sir” mwaka 1889, akafariki Somerset mwaka 1904.

Mwisho, jiji la Victoria liliondoa jina lake kwenye mtaa mmoja mwaka 2022 na kuuita Su'it, neno la Kilekwungen, lugha ya wenyeji wa eneo hilo, lenye maana ya ukweli. Habari hiyo inavutia, na utatamani kuiweka kwenye dibaji. Iweke katika sura ya mwisho, baada ya msomaji kuziona ramani kwa macho yake mwenyewe.