Kutembea Vilimani Wakati wa Joto la Kaskazi

Pepo za kaskazi zinapovuma, kati ya Desemba na Machi, joto la Mombasa huzidi nyuzi 30, na unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka. Na kwa kuwa jasho huupoza mwili pale tu linapokauka, aliyelowa chapachapa huwa bado hajapoa. Kwa hivyo, anayekusudia kutembea katika vilima vya Shimba, huko Kwale, na avuke kivuko cha Likoni alfajiri. Njia ya kwenda maporomoko ya maji ya Sheldrick, yaliyomo humo vilimani, huanza kwa mteremko, na mlima wote hungoja wakati wa kurudi, jua likiwa limeshapanda. Nguvu na maji vigawanywe kwa hesabu hiyo.

Beba angalau nusu lita ya maji kwa kila saa ya mwendo, unywe kidogo kidogo. Jasho huondoa chumvi pia, hivyo mihogo ya kukaanga iliyotiwa chumvi hufaa zaidi kuliko biskuti tamu. Dafu ni zuri, ila sodiamu yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Vaa nguo pana za rangi nyepesi, na leso iliyoloweshwa shingoni.

Mwenzako akipatwa na kizunguzungu au kichefuchefu, mketishe kivulini na umpe maji. Akianza kuweweseka au akizirai, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma, usimnyweshe kitu, na afikishwe hospitali haraka.