Jinsi ya kujua kama mbwa wako anajitambua (achana na kioo)

Watu wengi wakitaka kujua kama mbwa anajitambua wanamuweka mbele ya kioo cha kabati, anabweka mara mbili tatu, anachungulia nyuma ya kabati kama kuna mbwa mwingine, afu kesho yake hana habari nacho kabisa, basi wanasema hajijui. Mi nakataa. Kipimo cha kioo alikileta mtafiti Gordon Gallup wa Marekani mwaka 1970 kwa ajili ya sokwe, aliwapaka rangi nyekundu usoni wakiwa wamelala kwa dawa, walipoamka wakajiona kwenye kioo wakapeleka mkono palepale kwenye rangi. Sokwe anategemea macho kama sisi. Mbwa ni pua, akikutana na mwenzake anazunguka kunusa nyuma ndo anajua huyu nani, sasa unampimaje kwa picha isiyo na harufu?

Anza na mkojo. Marc Bekoff, mtafiti wa wanyama huko Colorado Marekani, alikuwa anatembea na mbwa wake Jethro kwenye theluji, akiona iliyokojolewa anaichota na glavu anaihamisha, mara ya Jethro mwenyewe mara ya mbwa wengine, na matokeo aliyoyatoa 2001 ni kwamba Jethro hakukaa sana kwenye mkojo wake, wa wengine ndo aliunusa kwa muda. Huku kwetu mchanga unatosha. Chota kidogo pale alipokojoa wako, chota na pa mbwa wa jirani, uhamishe sehemu mpya wakati hakuoni, afu mpitishe hapo na uhesabu sekunde kwa simu. Tafadhali vaa glavu na nawa mikono, homa ya mgunda inapita kwenye mkojo na inatupata hata sisi watu. Na usipime mara moja ukatangaza majibu, Bekoff alirudia misimu mitano ya baridi.

Utasema labda harufu yake ameshaizoea tu, na ni swali zuri. Mtafiti mwingine, Alexandra Horowitz wa New York, alilifanyia kazi, 2017 akaonyesha kwamba mkojo wa mbwa mwenyewe ukichanganywa na harufu ngeni anaunusa muda mrefu kuliko ukiwa mtupu, yani kama we unavyojikuta na doa usoni ukasogea kwenye kioo kuangalia vizuri.



Kipimo ninachokipenda ni cha mkeka, watafiti wa Budapest walikifanya 2021. Mbwa lazima awe anajua "lete". Chukua mkeka mdogo mwepesi, funga mpira wa matambara kwenye mkeka wenyewe kwa kamba fupi, msimamishe juu miguu yote minne, simama mbele yake umwambie alete. Hawezi kuleta wakati yeye mwenyewe ndo uzito unaokandamiza mkeka, kwa hiyo angalia kama atashuka na anachukua sekunde ngapi. Afu ufanye tena, mpira ukiwa umefungwa kwenye kitu kisichotoka, mana hapo kushuka hakumsaidii, na bila hiyo raundi ya pili huwezi kujua kama alielewa au alichoka tu kusimama.

Mbwa wangu Simba mara ya kwanza alivuta, mkeka ukacheza chini ya miguu ya mbele, akauachia mpira akainamisha kichwa akanusa pale kwenye vidole vyake, akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka akatoka kabisa, ndo akaubeba mpira na mkeka wake wote akaniletea, nilimkumbatia. Jioni nikaufunga kwenye mguu wa meza. Hapo hakushuka, alivuta tu juu ya mkeka wake huku ananiangalia, mpaka nikaenda kumfungulia.