Somo: Namna ya Kupanga Safari Masharti ya Kuingia Nchini Yanapobadilika kwa Sababu ya Maradhi ya Mlipuko

Assalaam alaykum wanachama. Somo hili nimeliandika hapa Malindi kwa ajili ya wenzangu wa mji huu na ndugu zetu wa Lamu. Kila yanapozuka maradhi karibu nasi, kama homa ya virusi vya Marburg ilivyozuka mkoa wa Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, huja maswali yale yale tuliyokuwa tukiulizana wakati wa korona. Amri hutofautiana, lakini namna zinavyoandikwa haitofautiani sana, na msafiri anayejua kuzisoma huokoa nauli yake na, lililo kubwa zaidi, hakwami ugenini.

Hatua ya kwanza: soma amri yenyewe, usitosheke na ujumbe uliosambazwa. Amri ya aina hii hueleza mambo manne: inamhusu nani, anatoka wapi, inaanza siku gani na saa ngapi, na nani amesamehewa. Ujumbe wa WhatsApp husema tu kwamba mipaka imefungwa. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wasafiri kutoka nchi zenye korona hawataruhusiwa kuingia, isipokuwa raia na wageni wenye vibali halali vya kuishi nchini, nao ilibidi wajitenge kwa siku 14. Wengi walishika nusu ya kwanza tu ya tangazo hilo. Kisha, tarehe 25 mwezi huo huo, ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa raia haki ya kuingia nchini mwake, lakini haki hiyo haimpatii ndege, na ndiyo sababu namsihi kila aliye nje afanye uamuzi wa kurudi mapema, kabla usafiri haujakatika.

Hatua ya pili: itazame njia yote, kituo hadi kituo. Hapa ndipo watu wa Lamu walipoumia zaidi. Amri iliyoanza tarehe 8 Aprili 2020 ilizuia kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Lamu haikutajwa. Lakini mtu akivuka kwa mashua hadi Mokowe akapanda basi, atapita Witu na Garsen kisha ataingia Malindi, ambayo iko ndani ya Kaunti ya Kilifi, na hapo njia ya abiria ilikuwa imekatika, ingawa magari ya mizigo yaliendelea kupita. Mgonjwa aliyekuwa na miadi ya hospitali Mombasa alizuiwa na amri isiyoitaja kaunti yake hata kwa neno moja. Baadaye, mwanzoni mwa Juni, Kilifi na Kwale zilifunguliwa huku Mombasa ikibaki imefungwa hadi tarehe 7 Julai, kwa hiyo kwa muda wa mwezi mmoja mtu wa Malindi aliweza kwenda Lamu lakini hakuweza kwenda Mombasa. Andika basi kwenye karatasi kila kaunti na kila nchi utakayopita, pamoja na uwanja utakaobadilishia ndege, na mbele ya kila jina uandike sharti lake. Nchi ya kupitia nayo ina masharti yake, na shirika la ndege hukagua yote kabla halijakupa kadi ya kupandia.

Hatua ya tatu: hesabu saa za kipimo kuanzia pale pua ilipochukuliwa sampuli. Kenya ilipofungua tena safari za kimataifa tarehe 1 Agosti 2020, msafiri alitakiwa awe na cheti cha PCR, yaani kipimo cha korona cha maabara, kisichozidi saa 96. Nchi nyingine zilidai saa 72, na nyingine 48. Cheti huwa na nyakati mbili: wakati wa kuchukuliwa sampuli na wakati wa kutolewa majibu. Mara nyingi unaohesabiwa ni ule wa kwanza. Tuseme umechukuliwa sampuli Jumatatu saa tatu asubuhi, na sharti ni saa 72 kabla ya ndege kuondoka: cheti chako kinakwisha Alhamisi saa tatu asubuhi, na ndege ya saa nne imekwisha kukuacha hata kama majibu uliyapata Jumatano usiku. Kwa aliyeko kisiwani hesabu hii ni nzito zaidi, kwa kuwa sampuli za Lamu zilikuwa zikisafirishwa hadi Kilifi kwenye maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na saa ziliendelea kwenda zikiwa njiani. Rai yangu ni kwamba msafiri wa Lamu akapimiwe mji wenye maabara, hata ikimlazimu alale huko. Na usome vizuri kama saa zinahesabiwa hadi ndege iondoke au hadi ifike.

Hatua ya nne: jina liwe moja kila mahali. Pasipoti ikisema Mohamed, kadi ya chanjo ikasema Muhammad na cheti cha kipimo kikaacha jina la babu, afisa aliye ugenini hana wajibu wa kuamini kwamba ni mtu mmoja. Mkabidhi mhudumu pasipoti, umtazame akiandika, kisha usome jina na nambari ya pasipoti kabla hujaondoka dirishani.

Hatua ya tano ni fedha: weka akiba ya karantini. Waliofika Nairobi mwishoni mwa Machi 2020 walipelekwa kwenye hoteli na taasisi zilizoteuliwa, kwa gharama zao wenyewe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo maalim. Mimi ni mama wa Shela, nimedunduliza fedha za Umra. Mlango ukifungwa ghafla, fedha zangu zitarudi?*

Marahaba mwanangu, Mwenyezi Mungu akujaalie uifikie nia yako. Saudia ilisimamisha Umra kwa wageni tarehe 27 Februari 2020, kabla Kenya haijapata mgonjwa hata mmoja; Hija ya 2020 na ya 2021 zikawa za waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo, na ya 2022 ikawekewa sharti la umri usiofikia miaka 65. Kwa hiyo usilipe kabla wakala hajakuandikia kiasi atakachorudisha safari ikifutwa na muda atakaorudisha. Ahadi ya mdomo haikutoshi, hata akiwa jamaa. Ukienda Hija, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika.

*Kadi yangu ya homa ya manjano ni ya 2012, na imeandikwa kwamba itakwisha 2022. Nichanjwe tena?*

La, ndugu yangu. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti hicho kinatumika maisha yote ya mwenyewe, hata kama kilitolewa zamani. Usikiandike juu wala kukifuta. Atakayechanjwa mara ya kwanza akumbuke kwamba cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano.

*Nasomea Uingereza. Nikipitia Dubai, si nitahesabiwa ninatoka Dubai?*

Hapana, mwanangu. Kenya ilipokuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani orodha ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa au kuwekwa karantini, kuanzia tarehe 9 Aprili hadi 22 Septemba 2021, kilichotazamwa ni mahali ulipokuwa katika siku 10 zilizopita. Kuficha hilo kwenye fomu ni kosa la jinai, nami sitamshauri mtu yeyote kulifanya.

*Mimi ni nahodha, mpaka wa Somalia hauko mbali na Kiunga. Amri ya mpaka inahusu bahari pia?*

Inahusu, nahodha. Kenya ilipofunga mipaka yake na Tanzania na Somalia mwezi Mei 2020, mizigo ndiyo iliyoruhusiwa, na madereva wa malori ya mizigo nao wakawekewa sharti la kupimwa. Chombo kinachotoka bandari ya kigeni hupandisha bendera ya manjano tupu, ambayo maana yake ni kwamba chombo hakina maradhi na kinaomba ruhusa ya afya. Mpaka afisa wa afya wa bandarini atoe ruhusa hiyo, baharia yeyote asishuke gatini, wala mtu wa nchi kavu asipande chomboni, hata kama ni kuleta maji ya kunywa. Weka kwenye mkoba usioingia maji orodha ya mabaharia wako, kadi zao za chanjo na majina ya bandari mlizotia nanga, kwa kuwa hayo ndiyo atakayoyauliza kwanza.