Nyumba ya Kibaha, pensheni ya Leeds: kugawana mali mnapoachana Uingereza

Ndoa zetu zikivunjika huku, ugomvi wa kwanza huwa ni ile nyumba ya nyumbani, ya Kibaha au Kitengela, iliyopanda tofali kwa tofali kwa fedha za shifti za usiku. Inauma, ndugu yangu. Ila kabla hujaapa kwamba huiachii, jua sheria inavyoitazama.

Tangu tarehe 6 Aprili 2022, talaka ya England na Wales haiulizi nani mkosaji. Ukiomba leo, zinapita wiki 20 kabla ya amri ya awali, kisha wiki 6 na siku moja kabla ya amri ya mwisho. Wiki hizo 20 zitumieni kuzungumza fedha, kwa sababu amri ya mwisho inavunja ndoa tu. Madai ya fedha yanabaki wazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimruhusu mwanamke aliyeachika mwaka 1992 aendelee kumdai aliyekuwa mumewe, ambaye alitajirika baada ya talaka. Hata mkiandikishana mbele ya wazee, shehe au mchungaji, bado hamjayafunga madai hayo. Mpelekeeni jaji makubaliano yenu ayapitishe yawe amri.

Mezani kila mtu aweke vyote. Fomu E, ile ya mahakama ya kutangaza mali na fedha zako, inataka mali yako popote duniani, pamoja na taarifa za benki za miezi 12. Hisa za SACCO zimo, salio la M-Pesa limo, na kiwanja ulichonunua kwa jina la kaka yako kimo pia. Ukificha na ikagundulika, mahakama inaweza kufungua upya kila mlichokubaliana.

Sasa turudi Kibaha. Jaji wa Leeds anaweza kumwamuru mwenzako auze au akuhamishie nyumba, lakini hawezi kufika ofisi ya ardhi akabadilisha jina kwenye hati. Asipotii, utaanza kesi nyingine kule. Kenya, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si haki ya moja kwa moja, mchango unathibitishwa. Tanzania, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa vyovyote, tafuta risiti zote za fedha ulizotuma.

Ndiyo maana mimi huwashauri watu wabadilishane. Mwenye ndugu na mizizi kule achukue nyumba, mwingine afidiwe kwa vilivyo huku, hasa pensheni. Muuguzi aliyefanya kazi NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, miaka 15 anaweza kuwa na pensheni yenye thamani kuliko nyumba ile, na watu wanaisahau kabisa! Ombeni mfuko wa pensheni uwape thamani yake kwa maandishi. Mtathmini wa kule naye aikadirie nyumba, si shemeji. Kuigawa pensheni yenyewe kunahitaji amri ya mahakama, hata kama mmekubaliana.

Nikaha iliyofungwa Unguja au Mombasa kihalali inatambuliwa huku. Iliyofungwa msikitini huku bila kusajiliwa haihesabiki, kwa hiyo muone wakili mapema.

Na kama una mchumba mpya, wasilisha madai yako mahakamani kabla ya harusi. Ukiolewa au ukioa kwanza, unapoteza haki ya kudai nyumba na fedha za mkupuo. Ya pensheni pekee ndiyo inayobaki.