Kufufua Mazda MX-5 iliyoliwa na kutu kwa spea za miaka tofauti

Mwongozo huu ni wa MX-5 (gari dogo la wazi la viti viwili) za vizazi viwili vya kwanza: NA, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, na NB iliyofuata hadi 2005. Kwa chini magari haya ni ndugu. Rimu zake zote ni za nati nne, giaboksi zinaingiliana, shokapu zinaingiliana, hata paa linaingiliana. Kwa juu na kwenye waya ndiko yanakoachana, na huko ndiko mafundi wengi hupotezea pesa.

Kanuni ninayoishika ni moja: usihamishe kipande, hamisha mfumo mzima. Kalipa (kile kifaa kinachobana diski ya breki) ya mwaka huu, diski ya mwaka ule na brake pedi ya duka zitakusumbua mwezi mzima. Ukichukua breki zote kutoka gari moja, zinafungwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chagua bodi itakayobaki

Injini mbovu isikutishe, maana injini hununuliwa. Angalia vizingiti, yaani lile boksi la chuma linalopita chini ya mlango, hasa sehemu ya mwisho kabla ya gurudumu la nyuma. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa la turubai hupita kwenye mirija miwili nyuma ya viti, mmoja kila upande, kisha hutokea chini ya gari. Mirija ikiziba kwa majani na vumbi, maji huingia kizingitini na kukaa humo. Kwa hiyo kutu unayoiona nje ilianza ndani zamani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu.

Kwenye NB kuna ugonjwa wa ziada: zile reli mbili za chasi za mbele, chini ya injini. Zina tabaka mbili za bati, na unyevu ukiingia katikati huoza bila kuonekana hadi siku zitobokapo. Ndiyo maana, nikiwa na NA na NB zilizoharibika sawa, bodi ninayobaki nayo ni ya NA na NB naifanya ya kuchinja, yaani ya kutolea spea. Funua pia pembe ya buti inayokaa betri, kwa kuwa tindikali hula bati hapo.

Namba ya chasi ibaki kwenye bodi ilikozaliwa. Kuikata na kuichomelea kwenye bodi nyingine ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na huharibu gari hata kama kazi yako ni safi.

Hatua ya 2: Nunua gari zima la kuchinja

Spea za kuokoteza moja moja huishia kuwa ghali kuliko gari zima, na hukosa vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviuza: mabano, bolti za urefu wake, vipande vya waya. Tafuta gari lenye injini ya lita 1.8. NA ya 1.8, iliyoanza kutoka mwaka 1993, ndiyo chaguo langu la kwanza kwa bodi ya NA ya 1.6, kwa sababu karibu kila kitu chake hukaa bila kubadilisha chuma.

Piga picha kabla ya kufungua chochote. Bolti za kila sehemu ziingie kwenye mfuko wake wenye jina.

Hatua ya 3: Vua ya chini kwa subira

Bolti zitakazokutesa ni zile ndefu za mikono ya chini ya sasipensheni, zenye vichwa vya kuzungusha kurekebisha alaimenti (mkao wa magurudumu). Hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla. Kama bado zimegoma, usizipige nyundo mpaka mabano ya sabufremu (fremu ndogo inayobeba sasipensheni) yapinde. Ingiza msumeno kati ya bushi na bano, ukate bolti pande zote mbili, kisha ununue bolti na bushi mpya. Ni rahisi kuliko sabufremu mpya.

Hatua ya 4: Vizingiti kwanza, kabla ya raha nyingine zote

Gari hili halina paa la chuma, kwa hiyo vizingiti ndivyo vinavyolizuia lisikunjike katikati. Ukikata kizingiti ovyo, bodi hujikunja na mlango haufungi tena milele.

Toa tangi la mafuta, kwa kuwa limekaa nyuma ya viti, karibu sana na unapochomelea. Chomoa betri na soketi za kompyuta ya injini. Kalisha bodi kwenye stendi zilizosawazishwa, zikiwa chini ya sehemu imara. Kisha chomelea bomba la mraba kutoka bawaba za mlango hadi kwenye kitasa chake, kwenye kila upande. Pima mwanya wa mlango juu, katikati na chini, andika vipimo, na urudie kuvipima kila baada ya mshono.

Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uguse wa pili. Kata bati la nje, ufike kwenye bati la ndani, na usione huruma: endelea kukata hadi ukutane na chuma king'aacho. Bati jipya kuwekwa juu ya lililooza ni kuficha, na kutu itaendelea kula chini yake. Anza kurudisha bati la ndani, kisha la kati, mwisho la nje. Kwa bati la milimita 0.8 hadi 1.0 tumia mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Weka nukta nukta, ukirukaruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, uache bati lipoe. Mshono mmoja mrefu hukunja bati. Kama bati lina zinki, ondoa zinki pembeni mwa mshono na ufanye kazi penye hewa nyingi, kwa sababu moshi wake huleta homa.

Kabla ya kufunga, hakikisha tundu la kutolea maji chini ya kizingiti liko wazi. Nimeona kazi nzuri za mafundi wengine zikioza upya kwa sababu tundu hilo lilizibwa kwa rangi nzito.

Hatua ya 5: Difu na breki

Hapa ndipo kuchanganya miaka kunalipa kweli. Difu ya NA ya 1.6, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ina krauni (gia yake kubwa ya duara) ya inchi 6, na ni dhaifu ukiongeza nguvu za injini. Ya 1.8 ina krauni ya inchi 7. Kuihamisha unahitaji vitu vitatu pamoja: difu yenyewe, shafti mbili za magurudumu ya nyuma, na propela yake (shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi), kwa kuwa flanji za kuungia ni tofauti. Zilizokuja na difu ya kujifunga (inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure) kuanzia toleo la 1994 zina ya aina ya Torsen, inayojifunga kwa gia, ambayo naipendelea kuliko ile ya majimaji mazito ya 1.6.

Kuna jambo watu husahau. Kwa kawaida difu ya 1.6 ina uwiano wa 4.3, ya 1.8 ni 4.1. Spidomita ya NA huendeshwa kwa kebo kutoka kwenye giaboksi, haijui kuwa difu imebadilika. Ikionyesha 100, wewe unakwenda karibu 105. Badilisha kile kijigia kidogo cha plastiki cha spidomita kilichoko ubavuni mwa giaboksi.

Breki za 1.6 zina diski za mbele za milimita 235. Za NA ya 1.8 ni 255, na nyuma zimepanda kutoka 231 hadi 251. Ukichukua diski na mabano ya kalipa ya magurudumu yote manne, umemaliza. Breki kubwa za NB Sport za kuanzia 2001, milimita 270 mbele na 276 nyuma, nazo zinakaa, ila rimu za inchi 14 hazitapita tena. Anza na inchi 15. Usiweke kubwa za mbele peke yake ukaacha ndogo nyuma. Uwiano wa breki ulipangwa na kiwanda kwa magurudumu manne.

Hatua ya 6: Injini na waya

Injini ya 1.8 ya NA inakaa kwenye mabano ya 1.6. Fungia flaiwili na klachi ya 1.8, zinakubali giaboksi ileile ya gia tano. Kama unabaki na 1.6 ya mwanzo, angalia puli ya krankshafti: yenye nafasi nne ni ya krankshafti ya pua fupi, iliyotumika hadi 1991, na pua hiyo hujulikana kwa kuliwa mahali pa ufunguo, yaani kile kipande cha chuma kinachoizuia puli isizunguke peke yake. Yenye nafasi nane ndiyo salama.

Injini ya NB ni habari nyingine. NA husoma mzunguko kwa sensa moja iliyo nyuma ya kamshafti. NB ina sensa za krankshafti na kamshafti, na nyingi zina kizuia wizi kilichofungamana na ufunguo. Hapo kanuni ya mfumo mzima haina mjadala: chukua waya zote, kompyuta, ufunguo na kisomaji chake. Usikate waya ukidhani rangi zinafanana kati ya miaka; fuata mchoro wa gari lenyewe, la mwaka wake.

Hatua ya 7: Vya juu

Boneti, bampa, mabawa ya mbele: chukua vya NA tu kwa bodi ya NA, kwa sababu taa zake hunyanyuka na za NB zimekaa. Paa la turubai la NB lenye kioo cha nyuma hukaa kwenye NA, na ni zuri kuliko dirisha la plastiki linalopauka. Paa gumu nalo huingiliana. Kwa shokapu, vikombe vya juu vya NB huipa NA nafasi zaidi ya kushuka kabla ya kugonga, na gharama yake ni ndogo.

Usichanganye mifuko ya hewa ya miaka tofauti.

Hatua ya 8: Kufunga

Rangi ikikauka, nyunyizia nta ndani ya vizingiti na reli kupitia matundu yake, mpaka ionekane ikichuruzika chini. Kisha pitisha waya laini kwenye mirija ya maji na tundu la chini, kuhakikisha hazikuzibwa. Bolti zenye bushi za mpira usizikaze gari likining'inia. Lishushe lisimame kwa magurudumu yake, ndipo ukaze, la sivyo mpira hujisokota na kupasuka mapema. Kapime alaimenti ukiwa na mafuta nusu tangi, kisha baada ya kilomita mia chache za kwanza, kagua upya bolti za difu, propela na mikono yote ya chini.