Jaribu "hu-" kwanza, ndipo uandike Kiingereza

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Tanga ni watu wa kazi: mafundi cherehani, madereva wa bajaji, mama lishe. Wakati uliopo wa Kiingereza nawafundisha kwa kupitia Kiswahili chao, maana nusu ya kazi wameshaimaliza bila kujua.

Chukua "Mama anauza samaki." Huenda ndiyo kazi yake, huenda yuko sokoni sasa hivi. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Jiulize: nikisema "Mama huuza samaki", maana yangu inabaki ileile? Ikibaki, andika "My mother sells fish." Kama ulikusudia sasa hivi, andika "My mother is selling fish." Jaribio hili linatatua sentensi nyingi mno, ila vitenzi kama know, want, like, need na understand vikariri tu. Hata kama umejua jambo dakika hii, ni "I know", kamwe si "I am knowing".

Sasa ile -s. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa kitenzi kwa kila nafsi: nashona, unashona, anashona, tunashona. Kiingereza kinasema I sew, you sew, we sew, they sew, bila badiliko lolote. Ni nafsi ya tatu umoja peke yake inayodai -s: he sews, she sews, it sews. Wengi huikumbuka wakiona she, kisha wakaisahau wakikutana na jina. Kwa hiyo kila jina ligeuze kwanza kimoyomoyo: Asha ni she, my brother ni he, the bus ni it. "The bus stops here." Mabasi yakiwa mengi ni they, basi "The buses stop here." Nomino imechukua -s, kitenzi kimeiacha. Hapo nawasimamisha wanafunzi waisome kwa sauti mara kadhaa, kwa sababu -s isiyosikika mdomoni haitokei kwenye daftari.

Tahajia haina mengi: goes, washes, watches huongeza -es, carry huwa carries, lakini play hubaki plays.

Kukanusha na kuuliza ndiko kunakohitaji subira. Does ikiingia, inaibeba -s yote, na kitenzi kinabaki kitupu: "She doesn't sell fish." "Does she sell fish?" Ile "She doesn't sells" naisahihisha kila wiki, na nitaendelea kuisahihisha.

Zoezi la leo: mchague mtu mmoja wa nyumbani kwako, uandike sentensi tano za asubuhi yake. "She wakes up at five" (saa kumi na moja alfajiri yetu ni five, usiandike eleven). "She washes the dishes." Ukimaliza, weka my parents mahali pa she, uzifute -s za vitenzi zote tano. Kisha rudi kwa she, uzikanushe moja moja.