Jinsi ya Kupata Picha, Sauti na Video Zenye Leseni Huria kwa Kazi za Shule

Mwongozo huu umetokana na kuwasaidia wanafunzi waliokuwa wakitayarisha slaidi na video za kazi zao za darasani. Kutafuta picha hakukuwasumbua. Kilichowakwamisha ni swali la mwalimu lililokuja mwishoni: picha hii ni ya nani, na ni wapi aliporuhusu itumike? Hatua ya tatu ni ndefu kuliko nyingine zote kwa sababu hapo ndipo muda mwingi hupotea; yale ambayo kila mtumiaji wa kompyuta anayajua nimeyapita haraka.

Hatua ya 1: Jua kazi yako itaonekana wapi

Sheria za nchi nyingi hutoa nafuu kwa matumizi ya darasani, na Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, wenyewe unaziachia nchi wanachama nafasi ya kuruhusu kazi za watu zitumike kama vielelezo vya kufundishia, mradi matumizi yawe ya haki na jina la mwandishi litajwe pamoja na chanzo. Nafuu hiyo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mara nyingi haiifuati video inapotoka darasani na kuwekwa kwenye intaneti mahali ambapo yeyote anaweza kuiona. Kwa kuwa kazi nzuri za wanafunzi huishia kwenye tovuti ya shule au kwenye mashindano, nashauri ukusanye kila kitu tangu mwanzo kana kwamba kitachapishwa.

Hatua ya 2: Anza mahali panapofaa

Kwa picha za masomo, yaani mimea, wanyama, majengo ya kale, ramani na watu wa kihistoria, mimi huanza na Wikimedia Commons, hazina iliyoanzishwa mwaka 2004. Haipokei faili zenye masharti ya kukataza biashara au kukataza mabadiliko, kwa hiyo nusu ya kazi ya kuchuja imekwisha kufanywa kabla hujafika. Usipopata unachotaka, jaribu Openverse, kitafutio kinachokusanya picha na sauti kutoka hazina nyingi kwa pamoja. Kwa sanaa na vitu vya kale, makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua mwaka 2017 picha za vitu vya mkusanyo wake vilivyo mali ya umma, yaani visivyo tena na ulinzi wa hakimiliki, na Taasisi ya Smithsonian ikafuata mwaka 2020. Kwa picha hizo zilizofunguliwa, zote mbili zinatumia CC0, yaani tamko la kuziacha haki zote, kwa hiyo wewe hudaiwi chochote. Kwa anga na sayari, nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya NASA, shirika la anga la Marekani.

Tovuti za Unsplash, Pexels na Pixabay zina picha za kupendeza, lakini kila moja ina leseni yake yenyewe. Unsplash iliacha CC0 mwaka 2017 na Pixabay mwaka 2019, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosema kwamba picha zao mpya ni za CC0 yamepitwa na wakati. Mimi huzitumia kwa mapambo tu. Picha ya jani isiyotaja ni la mmea gani haina msaada mkubwa katika kazi ya biolojia, hata ikiwa imepigwa kwa ustadi.

Hatua ya 3: Soma leseni kwenye ukurasa wa asili

Kitafutio hakitoi leseni. Kinasoma tu kile kilichoandikwa mahali pengine, na kinaweza kukisoma vibaya au kukisoma kikiwa kimekwisha kubadilishwa. Hata Openverse huwataka watumiaji wahakikishe wenyewe. Kwa hiyo fuata kiungo mpaka ufike kwenye ukurasa ambako faili iliwekwa mara ya kwanza, kisha usome leseni hapo.

Shirika la Creative Commons, lililoanzishwa mwaka 2001, lina leseni sita zinazojengwa kwa alama nne. BY inakutaka umtaje mwenye kazi. SA inakutaka, ukitengeneza kitu kipya kutokana na kazi hiyo na kukisambaza, ukitoe kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakuruhusu usambaze kazi kama ilivyo, lakini si toleo ulilolibadilisha. Mwanafunzi anayetengeneza slaidi anaweza kuishi na zote nne. Anayetengeneza video hawezi, na sehemu hii ndiyo inayostahili kusomwa polepole.

Leseni za toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, zinasema wazi kwamba muziki au sauti ikiunganishwa na picha zinazotembea kwa kufuatanishwa muda, kilichopatikana huhesabiwa daima kuwa kazi iliyobadilishwa, hata kama hukugusa noti moja. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, wimbo wenye ND hauwezi kuwekwa chini ya video utakayoisambaza, ingawa wimbo huohuo unaweza kuusambaza peke yake bila tatizo. Pili, wimbo wenye BY-SA unaivuta video nzima iwe ya BY-SA. Ukichanganya wimbo wa BY-SA na mwingine wa BY-NC-SA katika video moja, unakwama kabisa, kwa sababu kila mmoja unadai leseni yake na hakuna leseni moja inayoyatimiza madai yote mawili. Nimeona kazi iliyokwisha kuhaririwa ikibidi kufumuliwa kwa sababu hii, na kufumua sauti iliyopangwa vizuri ni kazi ngumu kuliko kuichagua upya mwanzoni. Kwa video, basi, chagua CC0 au CC BY peke yake, hata kama itakulazimu kuuacha wimbo ulioupenda.

Kuna mambo mengine ya kuangalia kwenye ukurasa huo huo. Je, aliyepakia faili ndiye aliyeitengeneza? Mtu anaweza kupakia picha ya gazeti na kubandika juu yake leseni isiyo yake, na leseni iliyotolewa na asiye na haki haikupi haki yoyote. Dalili huonekana: ukurasa wa mtumiaji wenye picha za mitindo tofauti kabisa, picha ndogo yenye ukungu, alama ya shirika la habari pembeni. Ukiwa na shaka, iweke picha hiyo kwenye TinEye, kitafutio kinachotafuta kwa kutumia picha yenyewe, uone ilikotokea mapema zaidi. Vilevile, usidhani kwamba kila picha iliyomo kwenye makala ya Wikipedia ni huria. Wikipedia ya Kiingereza huhifadhi nembo za makampuni na majalada ya vitabu kwa hoja ya matumizi ya haki chini ya sheria ya Marekani, na hoja hiyo haihamii kwenye kazi yako. Bonyeza picha, ukikuta kwamba faili iko Commons, endelea, na ukikuta kwamba iko Wikipedia peke yake, soma maelezo yake yote.

Hatimaye, leseni ya mpigapicha haimsemei mtu aliyepigwa picha. Sura ya mtoto anayetambulika inahitaji ridhaa ya aina nyingine, na mimi huwashauri wanafunzi wachague picha nyingine.

Hatua ya 4: Muziki una haki mbili

Beethoven alifariki mwaka 1827, na tungo zake ni mali ya umma. Rekodi ya okestra iliyopiga utungo huo ina haki zake, za wanamuziki na za waliorekodi, na hizo zinaweza kuwa hai bado. Tafuta rekodi ambayo yenyewe ina leseni. Musopen ni mahali pazuri kwa muziki wa aina hii. Kwa milio ya mvua, milango au umati wa watu, Freesound ya Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona kwangu haizidiwi na nyingine, ila weka kichujio cha leseni kwanza, kwa kuwa zipo sauti za CC0, za BY na za BY-NC zilizochanganyika. Wale wanaoamini kwamba sekunde chache za wimbo maarufu ni halali kwa kila mtu, waiache imani hiyo.

Hatua ya 5: Andika papo hapo

Fungua jedwali la kawaida la kompyuta kabla ya kupakua faili ya kwanza. Jaza jina la kazi, jina la aliyeitengeneza, kiungo cha ukurasa wa asili, leseni pamoja na namba ya toleo lake, na tarehe ya kupakua. Programu maalumu za kutunza marejeo sizipendi kwa kazi hii, kwa sababu nyingi ziliundwa kwa ajili ya vitabu na makala. Piga pia picha ya skrini ya ukurasa. Leseni za Creative Commons hazibatilishwi kwa aliyekwisha kuzipokea na anayezingatia masharti yake, lakini ukurasa unaweza kufutwa, nawe ukabaki bila ushahidi.

Hatua ya 6: Taja chanzo

Chukua picha maarufu ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972. Chini ya slaidi ungeandika: “The Blue Marble”, wanaanga wa Apollo 17, NASA, 1972, mali ya umma, na kiungo cha ukurasa. Kisheria hudaiwi leseni hapo, lakini NASA huomba itajwe, na mwalimu anahitaji kuona ulikoitoa. Kwa picha ya CC BY 4.0, ongeza jina la leseni lenye kiungo chake, kisha useme ulichobadilisha: “imekatwa upande wa kushoto” au “rangi zimeondolewa”. Kwenye Commons kuna kitufe kinachokupa maandishi haya tayari. Yanakili, kisha uongeze mabadiliko yako mwenyewe, kwa sababu kitufe hakiyajui.

Katika video, orodha hii ikae mwishoni kwa muda wa kutosha kusomeka, na irudiwe kwenye maelezo yaliyo chini yake, ambako viungo vinaweza kubonyezwa.

Hatua ya 7: Baada ya kuchapisha

Ukiambiwa kwamba umesahau jina la mtu, sahihisha mara moja. Chini ya toleo la 4.0, ruhusa iliyokatika kwa kukiuka masharti hurudi yenyewe ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua; matoleo ya awali hayana kifungu hicho. Kwa hiyo usifute mradi wa video kwenye programu ya kuhariri baada ya kupata alama zako, kwani bila huo hutaweza kuingiza jina lililosahaulika kwenye orodha ya mwisho.